Ukuta wa Kifuani

Mke wangu alirudi kwa mama yake kwa sababu ya matofali mia mbili na arobaini. Hapakuwa na mwanamke mwingine, wala pombe, wala ngumi. Watu wakiniuliza huwa wanangoja niongeze kitu, na mimi sina cha kuongeza. Matofali.

Yalikuwa yake. Aliyanunua kwa kuuza sabuni ya maji mlango kwa mlango, kumi leo, ishirini mwezi ujao, mpaka yakafika mia mbili na sabini. Akayapanga nyuma ya nyumba yetu yasubiri siku nitakayopata nafasi ya kumjengea mama yake ukuta wa bustani. Mimi ni mwashi. Nafasi sikuipata kwa miaka mitatu. Kisha mteja mmoja akanibana, lori lake la matofali limekwama njiani, vibarua wamekaa wanachezea mchanga, nikajiambia nitayaazima ya mke wangu kwa siku mbili. Siku mbili zikazaa miezi minane.

Hakugundua, kwa sababu mimi si mjinga. Niliyatoa ya nyuma, nikaiacha safu ya mbele imesimama vilevile, matofali thelathini yakitazama mlango wa jikoni. Ukitokeza kichwa unaona rundo zima limetulia. Nyuma yake hewa tupu. Ilikuwa kazi safi, nasema kama fundi. Aliyeiharibu ni kuku. Alianza kutaga huko nyuma, mke wangu akaenda kutafuta mayai, akamkuta kuku anaishi chumba na sebule.

Alitoka na mayai matatu mkononi. Hakupandisha sauti.

"Matofali ya mama yangu yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Yapo kazini."

"Afadhali yenyewe," akasema, akaingia ndani.

Asubuhi akaondoka na sufuria mbili kubwa, pasi, na mto wake. Mimi akaniachia sufuria ndogo na kuku.

Siku ya tatu nikaenda kumwomba arudi. Njiani kila niliyekutana naye alikuwa ameshasikia, na kila mmoja akanisomea methali ile ya ufa na ukuta. Mwashi akipata shida hakosi kusomewa methali hiyo. Aliyeitunga hakuwa mwashi. Sisi tunaishi kwa watu wasioziba nyufa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua mboga. Ni mwanamke mfupi. Sisemi mfupi wa kawaida. Nikisimama mbele yake ninaongea na kitambaa chake cha kichwa. Mimi mtaani wananiita Mlingoti, kwa hiyo mtu aonaye picha yetu pamoja hudhani imekatwa vibaya. Moyoni humwita Sindano, maana sindano ni kitu kidogo ambacho hukioni mpaka ukikalie. Mdomoni humwita mama, kama kila mkwe mwenye akili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na matofali?"

"Nimekuja kumwona mwenzangu."

"Sikukuuliza umekuja kwa nani. Nimekuuliza umekuja na nini."

Nikatazama mikono yangu. Mke wangu alikuwa ndani, nilimsikia anasogeza kitu ambacho hakikuhitaji kusogezwa.

"Njoo uone," akasema mama mkwe, akainuka, akanipeleka nyuma.

Bustani yake niliijua, ila sikuwa nimeitazama vizuri tangu mwaka juzi. Upande mmoja ina nyumba, upande wa pili choo, upande wa tatu njia. Upande wa nne anapakana na fundi cherehani, mwanaume mjane na mfupi kama yeye, mwenye mbuzi wanne na akili ya kutosha mbuzi wawili. Katikati yao palikuwa na uzio wa miti, mabati ya kuokoteza na mlango wa friji. Mbuzi walikuwa wanaupita kama wageni wa harusi. Matuta ya mboga yalikuwa yamebaki vijiti. Nyanya zilikuwa zimeng'atwa moja moja, kama mtu anayeonja embe sokoni bila nia ya kununua.

"Nataka ukuta," akasema. "Kuanzia kona ya choo mpaka njiani. Ukuta wa kifuani. Siku utakayoumaliza, mwenzio atachukua sufuria zake aondoke na wewe. Usipoumaliza, uniletee na ile ndogo iliyobaki."

"Nitaumaliza, mama."

"Hilo nimeshalisikia miaka mitatu. Nimelizoea, hata linanisaidia kulala."

Nilikuwa na matofali thelathini. Mia mbili na arobaini yaliyobaki nilikwenda kuyafyatua mwenyewe, pamoja na kibarua wangu wa siku zote, mzee mmoja tunayemwita Saa Sita, kwa sababu jua likifika utosini yeye huweka beleshi chini hata kama umeshika zege mkononi. Tuliazima kalibu, tukafyatua siku tatu mfululizo. Matofali mabichi ni kama mtoto mchanga. Usipoyanywesha maji asubuhi na jioni yanakufa yakiwa yamesimama. Nikayamwagilia siku kumi. Katika siku hizo hizo tukang'oa uzio, tukachimba msingi, tukamwaga zege, tukaliacha likaze.

Wakati huo wote mke wangu alikuwa akipita na ndoo yake ya sabuni, ananisalimia kama anavyosalimia mteja aliyekataa kununua. Chai alituletea. Aliiweka karibu na Saa Sita.

"Kikombe changu kiko wapi?" nikauliza siku moja.

"Kipo," akasema. "Kipo kazini."

Saa Sita akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Nilimwambia kazi haikungoji, na yeye akaniambia kweli, hata mke hakungoji.

Sasa lazima nieleze namna ninavyopima, kwa sababu hapo ndipo ugomvi ulipotokea. Niliacha shule darasa la tano. Futi na inchi walikuwa wanazifundisha darasa la sita. Timazi ninayo, pimamaji ninayo, kamba ninayo, ukuta wangu haujawahi kuinama kwa mtu. Lakini kimo napima kwa mwili. Kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, nimezijua zote kwenye nyama yangu. Kozi mbili goti. Nne nyonga. Sita kifua. Nane zinanipita kichwa, natoza zaidi. Mteja akisema anataka ukuta wa kiunoni au wa kidevuni, mimi nasimama hapo, naweka kiganja, najua. Miaka ishirini na mitano sijawahi kuulizwa swali.

Kwa hiyo mama aliposema kifuani, kichwani mwangu iliandikika sita. Hata hesabu ilikubali: matofali arobaini na matano kila kozi, mara sita, mia mbili na sabini kamili. Nikaona ni dalili njema.

Na nilijenga kweli. Kwa wateja huwa naweka karai moja la saruji kwa sita ya mchanga. Mteja akigeuka kutazama simu, saba. Kwa mama mkwe niliweka moja kwa nne. Nilitaka aje agonge kwa kidole asikie sauti ya kengele. Saa Sita alinionya.

"Bosi, hii si saruji ya bustani. Hii ni ya daraja."

"Ni mkwe wangu."

"Atapita na lori?"

Siku mbili za kwanza tukaweka kozi mbili, maana mwanzo ndio mgumu. Ukikosea chini utakosea mpaka mbinguni. Siku ya tatu tukaenda mbio, tukafunga ya nne jua likiwa limelala. Mama akatoka jikoni akifuta mikono. Akausogelea ukuta, akauegemea, akaweka viwiko juu yake na kutazama upande wa pili, kule fundi cherehani alipokuwa anafunga mbuzi. Akatulia hapo kidogo. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuku uso wake ulikuwa umelegea.

"Imetosha, mwanangu," akasema.

Nikajisikia vizuri sana. Nikafikiri, kumbe ana huruma, ameona nimechoka. Nikaosha mwiko wangu, nikasema, "Haya mama, kesho Mungu akipenda."

"Kesho mimi na mwanangu tunakwenda kliniki ya macho," akasema. "Mtamalizia wenyewe mambo madogo madogo."

Kwake mambo madogo yalikuwa kufagia na kuondoa mchanga. Kwangu yalikuwa kozi mbili.

Siku hiyo ya nne Saa Sita nilimnyima saa sita yake. Tulipanda, tukapanga, tukapiga maungio kwa chuma mpaka yakang'aa. Saa kumi na moja jioni tofali la mia mbili na sabini likakaa. Nikasimama mbele ya ukuta ule kama bwana harusi. Ulinifika hapa, kwenye mfuko wa shati, wala si unywele zaidi. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumwambia mke wangu njiani, kwamba nyumba imepoa na kuku hana wa kuongea naye.

Walirudi jua likiwa bado lipo. Mama alikuwa amepewa miwani mipya, fremu nyeusi, kubwa kuliko uso. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri katika maisha yake mapya ni ukuta wangu.

Aliufuata kutoka kona ya choo mpaka njiani, mkono mmoja unaburuta kwenye tofali. Akarudi. Akasimama katikati, akainua kichwa. Akajinyanyua kwa vidole vya miguu. Kutoka upande wa pili nadhani ungeona fundo la kitambaa chake tu, kama kuku anayepita nyuma ya uzio.

"Umeniweka jela," akasema.

"Ni wa kifuani, mama."

"Huu?"

"Huu hapa." Nikasogea, nikasimama kando yake, nikaweka kiganja kifuani kwangu na kingine juu ya ukuta. Vilikuwa sawa kabisa. "Unaona? Kifuani."

"Kifua cha nani?"

Hilo swali sikuwa nimelitarajia. Nikamtazama Saa Sita. Saa Sita akatazama beleshi lake.

"Kifua," nikasema, "cha ukuta wa kifuani. Ndivyo tunavyopima. Ni kipimo cha fundi."

"Mimi nina kifua," akasema mama mkwe. "Kimelea watoto sita, mmoja wao ulimuoa. Hukukiona?"

Sauti ikatoka upande wa pili.

"Jirani, mbona nakusikia huonekani? Umekaa chini?"

"Nimesimama," mama akajibu. "Ni mkwe wangu amenizika."

Tulisikia ndoo inaburutwa, inapinduliwa, na mtu anapanda akilalamika magoti. Kichwa cha fundi cherehani kikachomoza juu ya ukuta, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Akatazama upande wake, akatazama wetu, akanitazama mimi nikiwa bado nimeweka kiganja kifuani kama mtu anayeapa.

"Umeupima kwa mwili wako?" akaniuliza.

"Kwa mwili wa fundi. Ndiyo kanuni."

"Mimi huu ni mwaka wa thelathini nashona suruali," akasema taratibu. "Sijawahi kumkatia mteja suruali kwa kiuno changu."

Mke wangu akacheka. Nilikuwa sijasikia cheko lake kwa karibu wiki tatu, nilikuwa nalitamani, na sasa lilinijia kama maji machafu yaliyomwagwa dirishani. Saa Sita naye akacheka, na nadhani hata mbuzi mmoja alisema kitu.

"Suruali ni suruali," nikasema. "Huu ni ukuta."

"Ndiyo. Suruali ikibana, naifumua."

"Basi naye aufumue," akasema mama mkwe.

"Ukuta haufumuliwi, mama."

"Utabomolewa. Kozi mbili za juu. Jana nilikwambia imetosha."

"Nilidhani imetosha kwa siku."

"Mtu akikupakulia chakula, ukasema imetosha, anakuongezea kesho?"

Nilijaribu njia nyingine. Nikamwambia, kwa sauti ya upole, kwamba ningeweza kumjengea ngazi ndogo hapo katikati, vipandio viwili tu, akitaka kumsema jirani yake apande, aseme, ashuke.

"Nipande jukwaani nyumbani kwangu mwenyewe?" akauliza. "Nihutubie mbuzi?"

"Unaweza kumsema bila kumwona. Atasikia."

"Kumtukana mtu usiyemwona usoni ni kelele," akasema. "Nyanya zangu zimeliwa miaka mitatu, kitu pekee nilichopata ni kumwona huyu mwanaume anavyokosa pa kutazama. Sasa na hicho umenijengea ukuta."

"Ni kweli," akasema fundi cherehani kutoka kwenye ndoo. "Hata mimi nashindwa kujitetea vizuri."

Mke wangu alikuwa ameacha kucheka. Alinisogelea, akaongea chini, kama tunavyoongea nyumbani. "Toa kozi mbili. Kesho na keshokutwa, imeisha, twende zetu."

Hapo ndipo ningepaswa kusema sawa. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta bora kuliko wote niliowahi kujenga, na fundi wa suruali ananitazama kutoka juu ya ndoo.

"Sijawahi kubomoa kazi yangu," nikasema.

"Yangu ulibomoa," akasema mke wangu. "Tofali moja moja. Tena kutoka nyuma."

Nikaokota mwiko wangu, timazi, kamba, nikaondoka. Hakuna aliyeniita. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe anamuuliza Saa Sita kama amekula.

Nilikaa nyumbani siku nne. Sitaki kuzisimulia sana. Sufuria moja ndogo ni elimu. Unapika maharage, kisha chai, na chai inakuwa na kumbukumbu. Shati nililivaa bila kupigwa pasi, nikagundua kwamba fundi asiyepigiwa pasi anafanana na mtu aliyefukuzwa kazi. Upande wa mke wangu kitandani niliweka nguo ili pasiwe wazi, halafu nikaziondoa, maana zilikuwa zinanichekesha vibaya. Kila siku nilijiambia kwamba atakuja mwenyewe. Ukuta ni wa kifuani, kila mwashi duniani atasema hivyo. Siku ya nne nikatambua kwamba sijaoa mwashi.

Hata hivyo sikutoka kwa sababu hiyo. Nitasema ukweli. Jioni Saa Sita alikuja, akakaa, akanywa chai yangu, akakunja uso.

"Hii chai ina nini?"

"Ina maharage. Sema ulichokuja kusema."

"Mkeo amemwita Bega."

Bega ni mwashi mwenzangu wa mtaa wa pili. Anaitwa hivyo kwa sababu kila ukuta wake unahitaji bega la mtu. Kuna nyumba aliijenga, mwenye nyumba anaingia ndani kwa ubavu.

"Amemwita afanye nini?"

"Apunguze ukuta wako."

Ningeweza kuvumilia kukosa mke wiki nyingine moja. Ninajijua. Lakini Bega kuushika ukuta wangu, sikulala. Kulipokucha nilikuwa njiani na nyundo na tindo.

Bega hakuwepo. Alikuwa amekuja jana yake, nikaambiwa baadaye. Aligonga mara mbili, akasema aliyeweka saruji hii ni mgonjwa, akaenda zake. Aliyekuwa pale ni mke wangu. Alisimama juu ya kile kigoda cha mama yake, kanga imefungwa kiunoni, nyundo mkononi, anapiga kozi ya sita. Alikuwa ameshatoa matofali manne. Yote manne yalikuwa vipande. Viganja vyake alikuwa amevifunga vitambaa, na kimoja kilikuwa kimelowa damu kidogo.

Nilisimama njiani. Nilitazama ule mchanganyiko wangu wa moja kwa nne unavyomkatalia. Alipiga mara tisa, nilihesabu, kikatoka kipande cha kutosha kumrushia mbuzi. Akafuta uso kwa bega, akainua nyundo tena. Makubaliano yalikuwa mimi nimalize ukuta ndipo yeye aondoke na mimi; sasa alikuwa anaumaliza mwenyewe. Nikaelewa kwamba akiumaliza mwenyewe, hatanihitaji kwa lolote lile, wala kwa kubeba sufuria.

"Nipe hiyo nyundo," nikasema. "Unaipiga katikati. Inapigwa kwenye maungio."

Hakugeuka. "Kwanza useme."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Nilikosea."

"Nini?"

"Ukuta."

"Ukuta ni ugomvi wako na mama. Mimi ulinikosea nini?"

Nilitazama pembeni. Kule upande wa pili cherehani ilikuwa inakimbia, kisha ikasimama.

"Matofali," nikasema. "Sikuyaazima. Niliyachukua. Na ile safu ya mbele niliiacha kwa makusudi, ili usijue."

Alishuka kwenye kigoda. Alinipa nyundo kwa upande wa mpini, jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwamba nyundo hupewa mtu hivyo.

"Sijasikia," ikatoka sauti ya mama mkwe jikoni. "Maji yalikuwa yanachemka."

Nikarudia. Safari hii kwa sauti ya mtu anayeita kibarua.

"Samahani," akasema fundi cherehani nyuma ya ukuta. "Ile ya mwanzo, kabla ya matofali, alisema alikosea nini? Mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio."

Nikarudia mara ya tatu, nikiutazama ukuta.

Kubomoa kulichukua siku tatu. Nilianza na maungio, tofali kwa tofali, na kila moja lilinitukana. Mke wangu aliyapokea chini akayapanga. Mazima huku, vipande kule. Siku ya pili tindo likateleza likanipata kidole gumba, na yeye akakifunga kwa kile kitambaa cha kiganja chake, bila kusema pole, ila alikifunga vizuri. Siku ya tatu nikasawazisha kilele cha kozi ya nne kwa saruji laini. Mama mkwe akaja na miwani yake, akaweka viwiko juu, akausikilizia. Kisha akamwita jirani kwa jina ambalo siwezi kuliandika, akamuuliza yule beberu wake wa pembe moja amelala wapi.

Fundi cherehani akatazama chini, akatazama pembeni, akakosa pa kutazama.

"Hawa mbuzi hawana zizi," akasema. "Wangekuwa na zizi."

Mama akayaangalia matofali mazima yaliyopangwa karibu na choo. "Chukua hayo."

"Nitashukuru. Ila mimi kujenga sijui."

Wote wakanigeukia.

Kwa hiyo mbuzi sasa wana zizi, la kozi mbili, na juu nimewawekea miti. Hawatoki. Bustani imeota tena. Ukuta hauzuii kitu chochote ila upepo kidogo, na kazi yake yote ni kuegemewa asubuhi na jioni na watu wawili wanaotukanana. Jioni ya siku ile ukuta ulipokwisha, mke wangu alichukua sufuria zake mbili, pasi na mto, akanipa mimi nibebe vyote.

Hesabu yake hii hapa. Matofali mia mbili na arobaini, kufyatua upya kwa mikono yangu. Tisini kubomolewa, kati ya hayo thelathini na manane kuvunjika, yakiwemo manne ya mke wangu, ambayo amesema nisimwandikie yeye. Hamsini na mawili kwenda kwa mbuzi. Saruji mifuko kumi na minane, kwa ukuta ambao ungekula kumi na minne. Siku ishirini na sita bila kazi ya mteja, nne kati yake za maharage. Ukucha mmoja wa gumba, mkono wa kushoto. Wateja wawili, ambao sasa wakiniita huja na utepe wa kupimia. Na neno nilikosea, mara tatu.